Naomba ushauri: X-Plane 12 inakwamakwama nikikaribia kutua

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada kwa anayeijua X-Plane 12, ile programu ya kompyuta ya kuigiza urushaji wa ndege. Natumia laptopu yenye RAM GB 16 na kadi ya picha GTX 1650 ya GB 4. Nikiwa juu ya bahari na ndege ndogo ya Cessna 172 napata fremu 40 hadi 45 kwa sekunde, picha laini kabisa. Shida ni nikishuka kutua uwanja wa Dar es Salaam, njia ya kutulia namba 05. Majengo yakianza kujaa, fremu zinaanguka hadi 17 na picha inarukaruka, pale pale ninapohitaji kuona vizuri. Karibu kila mara naukosa mstari wa kati.

Nimeshapunguza vivuli na ulainishaji wa kingo, sikuona tofauti. Nikiwasha vipimo, muda wa prosesa ni mkubwa kuliko wa kadi ya picha, kwa hiyo nahisi nianze na idadi ya vitu vya ardhini. Lakini nikiipunguza, mji utabaki na sura yake? Na tekscha (picha zinazofunika majengo na ardhi) niziache juu, au GB 4 hazitoshi? Kuna aliyefunga fremu zisizidi 30 akapata utulivu? Mwenye mashine inayofanana na hii, naomba mipangilio yako.