Nani aliwaruhusu kupandisha picha za kidonda cha mama yangu?

Wakuu, nina hasira na sizifichi.

Jumamosi nimepita steshenari moja hapa Mtwara mjini kutoa kopi ya kitambulisho. Kijana wa pale akanipokea: "Dada, pole na mama. Mguu unaendeleaje?" Nikaganda. Mama yuko Newala, na hapa mjini sijamwambia mtu habari za mguu wake. Kumbe mwezi uliopita nilifungua akaunti yangu kwenye kompyuta yao niprinti barua, nikaondoka bila kuifunga. Na programu ya picha ya simu yangu inapandisha yenyewe kila picha mtandaoni, kwenye akaunti hiyo. Tangu siku ile kila picha niliyopiga kwa simu ilikuwa inaonekana kule.

Mama ana kisukari. Kidonda kiko kisiginoni, na kila nikipanda Newala nakipiga picha nimwonyeshe daktari kama kinafunga au kinachimba. Kwenye picha moja mama ameibana kanga juu ya goti, uso kaugeuzia ukutani. Siku ile aliniuliza, "Haya mapicha unampelekea nani?" Nikamjibu, daktari peke yake. Nimemwongopea mama yangu bila kujua.

Kutofunga akaunti ni kosa langu, nalikubali. Lakini hiyo ya programu kupandisha picha bila kuniuliza aliiwasha nani? Fundi alipokuwa ananiwekea simu mpya, ulikuja ukurasa wenye kitufe kikubwa cha rangi cha kukubali, na "sio sasa" kwa herufi ndogo pembeni. Akabonyeza bonyeza, akanikabidhi simu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya imeziweka kwenye taarifa nyeti. Kidole cha fundi hakiwezi kuwa ridhaa yangu, sembuse ya mama!

Halafu kuna la mpwa wangu. Tableti ya nyumbani ina akaunti ileile. Akaona picha zimejaa, akafuta rundo zima apate nafasi ya gemu. Jioni natafuta kwenye simu picha za stakabadhi za korosho za mama, hakuna hata moja. Ukifuta upande mmoja zinafutika kote! Karatasi zenyewe zilishalowa mvua, kwa hiyo jasho lilinitoka mpaka nilipozikuta kwenye kapu la taka la programu. Kama ningechelewa mpaka kapu lijisafishe, ndiyo basi.

Nikazima huko kupandisha picha kwenye simu nikadhani yameisha. Wapi! Kuzima kunazuia picha mpya tu, zilizokwisha kupanda zinabaki kulekule na kila kifaa chenye akaunti yako kinaendelea kuzionyesha. Ikabidi niingie sehemu ya usalama wa akaunti. Nikakuta vifaa 4, na kimojawapo ni simu ya zamani niliyompa shemeji mwaka jana. Nimevitoa kimoja kimoja nikabaki na simu yangu, nikabadilisha nywila. Usiku mzima umeishia hapo, na bando nalo likakata.

Waliotengeneza programu hii, ninachotaka ni kimoja: hiyo ya kupandisha picha ije imezimwa, mwenye simu aiwashe mwenyewe akijua anachofanya. Nanyi mnaopiga picha za wagonjwa wenu, ingieni leo mtazame orodha ya vifaa vyenu.

Kesho kutwa napanda Newala. Lazima nimwambie mama ni nani wameona mguu wake.