Majirani wa Langoni: moshi nyuma ya madrasa

*Mama Salma, 18:52*
Asalaam alaykum majirani. Nani amewasha taka nyuma ya madrasa? Upepo ni wa kusi, moshi wote umeingia darasani. Wavulana wameziba pua kwa kanzu, wasichana kwa mitandio.

*Ami Shee Fundi, 18:55*
Waalaykum salaam. Ni mimi, mama. Zilirundikana siku nne, panya wameanza kuingia majumbani. Ni makaratasi na chupa chache tu.

*Rukia Nesi, 18:58*
Ami, zima kwanza tafadhali. Hizo chupa ndizo zinazonitia wasiwasi.

*Ami Shee Fundi, 19:01*
Nimemtuma kijana na ndoo. Lakini Rukia mwanangu, sisi tumekulia kwenye moshi wa makumbi na juzuu tulizihifadhi. Kikohozi hupita.

*Rukia Nesi, 19:06*
Kikohozi hupita, Ami, kweli. Ninachokihofia si kikohozi. Moshi una chembe ndogo mno, wataalamu wanaziita PM2.5, unywele mmoja ni mnene kuzishinda karibu mara 30. Pua haizizuii. Zinateremka mapafuni, nyingine zinaingia kwenye damu, na watafiti wameona njia nyingine pia: mshipa wa fahamu wa kunusia, unaotoka puani hadi ubongoni. Mtoto anavuta pumzi haraka kuliko mimi na wewe, na ubongo wake bado unajengwa. Sehemu ya mbele, ile ya kutulia, kupanga na kujizuia, haikamiliki mpaka mtu avuke miaka 20. Kwa hiyo si wadogo peke yao, hata hawa wa sekondari.

*Ami Shee Fundi, 19:08*
Yaani kama lipu ya chokaa kabla haijakauka. Ukiigusa, alama inabaki.

*Rukia Nesi, 19:08*
Hapo hapo, Ami.

*Ustadh, 19:12*
Kuna waliowapima watoto wenyewe?

*Rukia Nesi, 19:17*
Wapo, Ustadh. Barcelona, Uhispania, walifuatilia watoto zaidi ya 2,700 wa miaka 7 hadi 10, shule 39, matokeo yakatoka 2015. Walipima kumbukumbu ya kushika jambo kichwani huku unalitumia, kama wewe unavyosoma aya na mtoto akairudisha. Kwa mwaka mmoja, shule zenye hewa safi zaidi kumbukumbu hiyo ya watoto ilikua kwa asilimia 11.5. Zenye moshi mwingi, asilimia 7.4. Ule ni moshi wa magari, tusichanganye na wa taka. Lakini chembe hizo ndogo zimo kwenye moshi wote, na plastiki inaongeza sumu zake. Pia siwezi kumnyooshea kidole mtoto mmoja nikasema huyu hafahamu somo kwa sababu ya moshi. Ndiyo maana inaniuma: hasara haionekani kwa jicho.

*Mama Salma, 19:20*
Na sisi watu wa Lamu ndio tuliokataa kile kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa Kwasasi! Megawati 1,050, kibali kikafutwa na mahakama ya mazingira Juni 2019. Niliandamana na Salma mgongoni. Kisha moshi mwingine tunauwasha wenyewe.

*Bi Maryam, 19:24*
Rukia mjukuu wangu, na chetezo changu je? Na ile dawa ya mbu ya kuchoma?

*Rukia Nesi, 19:27*
Shikamoo bibi. Udi pia unatoa chembe. Sikwambii uache, nyumba bila udi si nyumba. Fungua madirisha, na kitoto kichanga usikifukize, kiweke chumba kingine. Dawa ya mbu iache, chandarua kinatosha. Na jiko la mkaa lisiwashwe chumba cha kulala, hata mvua ikinyesha.

*Bi Maryam, 19:28*
Marahaba. Nimesikia.

*Ami Shee Fundi, 19:33*
Basi chupa zitengwe kwenye gunia, kila nyumba lake. Punda wangu yuko huru Ijumaa asubuhi. Wale wa Flipflopi walijenga jahazi zima kwa plastiki hapa hapa Lamu, nitakwenda kuwauliza kama wanazipokea. Maganda ya matunda na mabaki ya chakula nileteeni mimi, nina mbuzi.

*Mama Salma, 19:34*
Mungu akulipe, Ami. Na nepi za watoto?

*Rukia Nesi, 19:35*
Hizo ni ngumu. Kwa sasa ziende jaani, zisichomwe mtaani.

*Ustadh, 19:39*
Watoto nimewahamishia baraza la mbele, wanaendelea na somo. Ami, moto bado unafuka upande wa ukuta. Leta ndoo mbili zaidi.

*Ami Shee Fundi, 19:40*
Nakuja nazo mwenyewe.