Mtoto mwenye tatizo la moyo na kipindi cha michezo

Mwalimu_Chumbageni
Habari za jioni. Nina mtoto wa darasa la nne aliyezibwa tundu la moyo pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, mwaka sasa umepita. Nyumbani wamekataza michezo yote, basi wenzake wakicheza yeye hukaa chini ya mwembe akilinda mabegi. Yupo pia wa darasa la sita, valvu ya moyo (kile kilango cha kupitisha damu) inavuja, anachomwa sindano kila mwezi. Niwachezeshe nini, na niwasimamishe lini?

Muuguzi_Ngamiani
Mwalimu, huyo wa kwanza tumtoe chini ya mwembe! Mfupa wa kifua uliopasuliwa huunga kwa wiki 6 hadi 8. Tundu likizibika vizuri na vipimo vya marudio vikiwa safi, watoto wengi hucheza kama wenzao. Ila mzazi amwombe daktari aandike michezo inayoruhusiwa. “Asijichoshe” haitoshi, kila mtu huisoma anavyotaka.

Wa valvu usimwanzishe kabla ya karatasi hiyo, maana valvu inayovuja kidogo si sawa na inayovuja sana au iliyobana. Sindano ya benzathini, kila wiki 3 au 4, asiikose hata akijiona mzima. Haitengenezi valvu, inazuia homa ya baridi yabisi isirudi kuiharibu zaidi. Siku ya sindano mguu huuma, usimkimbize.

Mazoezi_Tiba
Kipimo chepesi ni mazungumzo. Anayecheza aweze kusema sentensi nzima. Akianza kutoa neno mojamoja, apunguze mwendo. Atembee dakika 5 hadi 10 kabla na baada, kwani akisimama ghafla damu hubaki miguuni na kizunguzungu humpata. Rede, kombolela, baiskeli, vyote vyafaa kwa sababu anaweza kupumzika mwenyewe. Na apumzike bila kuomba ruhusa, hili ni muhimu sana: mtoto anayeona haya mbele ya wenzake hujikaza mpaka aanguke.

Kuvuta kamba na pushapu ni habari nyingine. Akibana pumzi, presha hupanda ghafla, na kwa valvu ya aota (mshipa mkubwa utoao damu moyoni) iliyobana hiyo ni hatari.

Joto letu la Tanga nalo lisisahaulike. Chezesha asubuhi mapema au baada ya saa kumi, chupa ya maji iwe karibu. Anayemeza dawa ya kukojoza hukauka upesi. Mwulize daktari wake anywe kiasi gani.

Mwalimu_Chumbageni
Nawashukuru sana. Na akizimia?

Muuguzi_Ngamiani
Akizimia huku anakimbia, usiseme ni njaa. Hata akizinduka na kucheka, afike hospitali ya Bombo siku hiyohiyo. Hivyohivyo kwa maumivu ya kifua akicheza, midomo kugeuka bluu, au moyo kwenda mbio usitulie baada ya kupumzika dakika 10. Asipoitika wala kupumua, mlaze chali, bonyeza katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, mwingine atafute gari. Usiache kubonyeza ukisubiri.