Safari ya shule kwenye ngome za Ujerumani: nitazame nini?

Swali
Shikamooni wakubwa. Nina umri wa miaka 16, na shule yetu inatupeleka Ujerumani, ambako tutatembelea ngome ya Marksburg kando ya mto Rhine, kisha kasri ya Neuschwanstein kule Bavaria. Mwalimu wa historia anataka insha ya kulinganisha majengo hayo mawili, nami nachelea kurudi na picha nzuri tu bila kuelewa nilichokiona.

Jibu la kwanza
Marahaba, mdogo wangu. Huko Marksburg utapanda ngazi zilizochongwa katika mwamba wenyewe, zisizolingana hata kidogo, na magoti yako yatakuambia mapema kwamba mahali hapo palijengwa ili mgeni asiyetakiwa apate tabu kufika. Ngome nyingi za Rhine zilibomolewa vitani, lakini hiyo ilisalimika, ndiyo maana bado utakuta jiko lenye meko makubwa na choo chake cha zamani, ambacho ni kichumba kidogo kilichochomoza nje ya ukuta ili uchafu udondoke moja kwa moja chini. Mimi nilisimama hapo muda mrefu kuliko mbele ya mizinga, kwa kuwa ndipo nilipowaona watu walioishi humo.

Jibu la pili
Neuschwanstein haikuwa ngome ya vita kamwe. Mfalme Ludwig wa Pili alianza kuijenga mwaka 1869, wakati mizinga ilikuwa imekwisha kuziondolea kuta nene maana yake, na michoro yake ya awali ilitoka kwa Christian Jank, mchoraji wa mandhari za jukwaani. Ukuta unaoonekana kuwa wa mawe matupu ni matofali yaliyovikwa mawe ya chokaa, na ndani mna maji ya bomba, hewa ya moto ya kupasha vyumba na vyoo vya kuvuta maji. Ukumbi wa kiti cha enzi hauna kiti, kwani mfalme alifariki mwaka 1886 kazi ikiwa haijakamilika. Ndani hairuhusiwi kupiga picha, kwa hiyo chukua daftari.

Mwuliza swali
Asanteni sana. Nimeamua kuanza insha na vyoo viwili hivyo, kimoja cha watu waliohofia kuzingirwa na kingine cha mfalme aliyezitamani zama zao, ila hakutaka kuishi kwa shida zao.