Husuda inarudi kila baada ya kutubu: inakosewa wapi?

Mtafuta_Utulivu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Swali langu ni la utendaji. Kwamba husuda ni dhambi tunajua: Paulo ameitaja kati ya matendo ya mwili (Wagalatia 5:21), na Mathayo 27:18 inasema Pilato alijua kabisa Yesu ametolewa kwa husuda. Lakini mtu anatubu Jumapili kwa machozi, halafu Jumatano anasikia mwenzake wa huduma kapewa nafasi, na kitu kinamchoma kifuani palepale. Je, ile toba ilikuwa bure? Anapoambiwa "usafishe moyo", asubuhi ashike nini na jioni aangalie nini? Na je, amwendee yule anayemwonea kijicho amwambie ukweli? Naomba wenye ujuzi waeleze hatua zenyewe. "Omba sana tu" tumeshaisikia.

Katekista_Mstaafu

Amina. Tuanze na maneno, maana wengi wanatibu ugonjwa wasiokuwa nao. Tuna wivu, husuda, kijicho, choyo, kijiba cha roho, na mitaani yote huwa kitu kimoja. Kwa kazi hii lazima yatengane. Hata Mungu anaitwa mwenye wivu (Kutoka 34:14), lakini ule ni wa kulinda kilicho chake.

Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliichambua huzuni inayoletwa na mema ya mwenzako akaona si zote ni husuda. Ukihuzunika kwamba fulani kapata mamlaka kwa sababu unajua atawaumiza watu, hiyo ni hofu. Ukihuzunika kwamba yeye ana kipawa cha sala na wewe huna, bila kutaka kimtoke, hiyo ni bidii, na katika mambo ya roho ni njema. Ukiudhika kwamba mtu mbaya anastawi, hilo ni lalamiko la Zaburi ya 73, na lina tiba yake humohumo kwenye mstari wa 17. Husuda ni pale mema ya mwenzako yanapokuuma kwa sababu unaona yanakushusha wewe. Ameinuka, basi mimi nimeshuka. Hesabu ya mizani.

Kipimo ni kujiuliza: nikipewa nami leo sawasawa na chake, uchungu unaisha? Ukiisha, ulikuwa unatamani tu. Lakini kama ungeridhika zaidi yeye anyang'anywe kuliko wewe upewe, umeshaijua. Msome yule mwanamke wa pili mbele ya Sulemani (1 Wafalme 3:26). Hakuwa anatafuta mtoto tena. Alikubali mtoto akatwe mradi mwenzake asiwe naye.

Sasa toba ya Jumapili. Haikuwa bure. Waalimu wa kale wa jangwani na wa Sinai, yaani wamonaki wa Kikristo, walieleza kwamba wazo huingia kwa ngazi: kwanza chochezi, kisha maongezi nalo, kisha ridhaa, kisha kutekwa, mwisho mazoea. Lile chomo la Jumatano ni chochezi. Hukuliita, na peke yake halihesabiwi dhambi. Dhambi inaanza kutafuta kiti kwenye maongezi, na maongezi ya husuda hufunguliwa karibu daima kwa swali lilelile: "Kwani yeye ana nini?" Ukilijibu swali hilo, hata kwa jibu la haki, umeshaketi naye. Kwa hiyo usipigane na chomo. Pigana na dakika mbili zinazofuata.

Mlinda_Mlango

Katekista kaweka msingi. Naongeza la hizo dakika mbili, kwa sababu hapo ndipo watu wacha Mungu wanapojikwaa kwa njia ya ajabu: wanajikwaa *ndani ya sala*.

Mtu anachomwa, anapiga magoti, anaanza kumwombea mwenzake. "Bwana, mbariki fulani, mwonyeshe kiburi chake, maana unajua alivyopata ile nafasi…" Dakika ishirini baadaye ameamka na husuda imenona. Ile haikuwa sala. Yalikuwa yale maongezi yamevaa kanzu. Kumwombea unayemhusudu kuna masharti: sentensi moja, haina "lakini", haina ombi la kumrekebisha. Taja jina lake, taja kile hasahasa kinachokuuma, omba kiongezeke. "Bwana, asante kwa sauti uliyompa fulani, umzidishie." Mara moja, au mara tatu ukiweza. Kisha urudi kwenye kazi ya mikono uliyokuwa nayo. Kama wazo linarudi, tumia sala fupi isiyomtaja kabisa: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi." Hii ya pili inahamisha macho kutoka kwake kuja kwako, na mwenye husuda anahitaji hilo kuliko kitu kingine. Neno lenyewe la Maandiko ni jicho: "Au jicho lako limekuwa ovu kwa sababu ya mimi kuwa mwema?" (Mathayo 20:15). Wale vibarua wa saa ya kwanza walipata dinari yao kamili. Hakuna aliyepunjwa. Waliumia walipotazama mkono wa jirani.

Kuhusu asubuhi na jioni, ipo njia ya zamani ya Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, ya karne ya 16. Inamfaa hata asiye Mkatoliki, maana ni kalamu na karatasi tu. Unachukua kosa *moja*, si moyo mzima. Asubuhi ukiamka unaazimia juu ya hilo moja. Baada ya mlo wa mchana unapitia saa baada ya saa tangu ulipoamka, na kwa kila anguko unatia nukta kwenye mstari wa kwanza wa siku. Baada ya mlo wa jioni unafanya vilevile kwenye mstari wa pili. Katikati ya siku, kila ukianguka, unaweka mkono kifuani kimyakimya. Hata mbele za watu hakuna atakayejua. Usiku unalinganisha mstari wa pili na wa kwanza, kesho unalinganisha siku na siku, na mwisho wa wiki, wiki na wiki.

Kosa la kawaida ni kuandika "husuda" kama jambo la kuhesabu. Haihesabiki, utaishia kuhesabu hisia. Chagua tendo. Gregori Mkuu, papa kati ya 590 na 604, alitaja watoto watano wa husuda: chuki, uchongezi wa pembeni, kumchafulia mtu jina, kufurahia balaa lake, kusononeka kwa mafanikio yake. Viwili kati ya hivyo ni vya ulimi, na vinahesabika. Anza na ulimi. Nukta moja kwa kila sentensi ya kumshusha, na usisahau zile za kistaarabu: "ni mzuri, ila…", "tumwombee tu jamani", au ule ukimya wa makusudi wakati wengine wanamsifu.

Dada_wa_Maombi

Shalom. Mimi kwenye swali la tatu sina mashaka. Mathayo 5:23-24 iko wazi: acha sadaka yako, nenda upatane na ndugu yako kwanza. Amwendee amwambie, "Nilikuwa nakuonea wivu, nisamehe." Kiburi kitavunjika siku hiyohiyo.

Katekista_Mstaafu

Dada, kwa heshima, soma tena ule mstari. Unasema ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu *yako*. Kama umemtenda kitu anachokijua, nenda leo. Lakini kama uovu uko moyoni mwako tu na yeye hajui lolote, unakwenda kumtwisha mzigo asiokuwa nao. Kuanzia siku hiyo kila ukimpongeza atajiuliza. Na mara nyingi anayekwenda hivyo, bila kujua, anatafuta kubembelezwa: "Aa, hata wewe uko vizuri sana!" Husuda imeombwa msamaha na imelishwa mlo huohuo.

Husuda ya moyoni iungamwe kwa Mungu, na kwa padri, mchungaji au mlezi wa kiroho. Iungamwe kwa jina lake. Usiseme "nina udhaifu katika mahusiano". Sema: "Nimemhusudu mwenzangu kwa kipawa chake, na mara nne nimemsema vibaya ili ashuke."

Ukishamchafulia jina, basi deni lako liko kwa wale *waliosikia*. Urudi kwao: "Lile nililosema juu ya fulani halikuwa kweli," au kama lilikuwa kweli ila halikuwahusu, "sikupaswa kulisema, na nimeacha mema yake mengi." Hii ndiyo inauma. Ndiyo maana wengi wanapendelea kumwendea mhusika na kulia.

Dada_wa_Maombi

Hapo kwenye waliosikia umenigusa. Nakubali. Ila kama yeye mwenyewe alishahisi ubaridi wangu?

Katekista_Mstaafu

Basi ana neno juu yako. Ombea radhi kile alichokiona: "Nimekuwa baridi kwako, nisamehe." Inatosha. Mizizi usimchimbulie.

Mtafuta_Utulivu

Asanteni sana. Moja la nyongeza: kumpongeza mtu huku ndani panawaka moto, si unafiki? Na kwenye simu, kuzificha picha na taarifa zake ni hekima au ni kukimbia?

Mlinda_Mlango

Mnafiki anatenda ili aonekane. Anayetenda kinyume cha hisia ili amtii Mungu ni mtii. "Furahini pamoja nao wafurahio" (Warumi 12:15) ni amri, na amri haisubiri hisia. Ila iwe pongezi ya kweli, fupi, ya jambo moja mahususi. Sifa zilizopitiliza ni dalili mbaya. Moyo unalipa faini kwa maneno. Iliyo bora zaidi ni kumsema vizuri *asipokuwepo*, sentensi moja ya kweli, kisha ubadilishe mada. Na iliyo juu ya hiyo ni kumsaidia afanikiwe katika jambo lilelile linalokuuma, kwa siri. Tazama 1 Samweli 18. Sura ni ileile na Daudi ni yuleyule. Yonathani, mrithi wa kiti, anavua joho lake, upanga, upinde na mshipi anampa. Sauli anasikia wimbo wa wanawake wenye "elfu" na "makumi elfu", na tangu siku ile anamwangalia kwa jicho la wivu. Mwenye cha kupoteza zaidi ndiye aliyetoa. Huyo mwingine alibaki anapiga hesabu za wimbo.

Usisubiri pia yule mwenzako awe mwema kwako ndipo moyo ulegee. Yohane Kasiano, mmonaki na mwandishi wa kale, alipokea kwa wazee wamonaki wa Misri onyo kwamba husuda ni ngumu kuponya kuliko maovu mengine kwa sababu hii: mwenye hasira hutulizwa kwa upole, lakini mwenye husuda upole wa mwenzake unamchoma zaidi, kwa kuwa ni jema jingine alilonalo. Dawa haitoki kwake.

Simu: ficha, hasa wiki za mwanzo. Mtu aliyeungua hashiki sufuria ili kuthibitisha amepona. Lakini kuficha kunapunguza vichochezi tu, hakusafishi kitu. Sala ya sentensi moja na nukta ziendelee, la sivyo siku utakapofungua utamkuta Sauli palepale ulipomwacha.

Na mfungo, kwa kuwa kuna atakayeuliza: ufunge, lakini usimwambie mtu, na usiangalie nani mwingine amefunga siku ngapi. Kasiano huyohuyo aliandika kwamba kufunga, kukesha na kusoma ni vyombo, na shabaha ni usafi wa moyo. Ukikasirika kwa sababu umekatizwa mfungo wako, umepoteza zaidi ya ulichokuwa unatafuta.

Mwisho, nukta zikiongezeka wiki ya kwanza usitupe karatasi. Mara nyingi makosa hayajaongezeka, ila sasa unayaona. Linganisha wiki ya pili na ya nne.