Mtwara: Fundi kakata mhimili wa usukani, kauchomelea, kapaka rangi, halafu anadai nimmalizie hela yake

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Naandika ili mtu mwingine wa huku Mtwara, Lindi au Masasi asije akapanda chombo kilichotoka kwenye mikono kama hii akaacha watoto yatima.

Chombo chenyewe ni Yamaha Virago 535, ile kruza ya silinda mbili za V, inayozungusha tairi la nyuma kwa shafti, siyo cheni. Injini yake ni nzima kabisa. Tatizo lake ni mbele: shokapu laini, diski moja, tairi jembamba la inchi 19. Nikapata mbele nzima ya Suzuki GSX-R750, shokapu zile za kupinduliwa, diski mbili na kaliper zake mbili, rimu ya inchi 17. Kuoanisha kruza na pikipiki ya mbio siyo uchawi. Watu wanafanya miaka mingi na zinatembea. Ila ni kazi ya vipimo kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na hilo nilimwambia fundi kabla hajashika spana.

Nilimchorea hadi kwenye karatasi. Nikamwambia mhimili wa usukani, kile chuma kinachopita ndani ya shingo ya fremu na kushika mbele yote, wa Suzuki na wa Virago hailingani, si urefu wala unene, kwa hiyo njia ni mbili. Ama unang'oa mhimili wa Virago kwa presi, unatafuta mtu akukerezee bushi sahihi na kuupachika kwenye kibano cha chini cha Suzuki, kile kinachoshika shokapu mbili pamoja. Ama unatafuta beringi za koni ambazo tundu la ndani linaingia kwenye mhimili wa Suzuki na duara la nje linakaa kwenye shingo ya Virago. Beringi zina namba, unaangalia vipimo, unaagiza Dar, zinakuja na basi. Akaniitikia: "Bosi wangu, hiyo mbona ndogo, sisi hizi tumeshazifunga sana." Nikalipa laki sita za kuanzia.

Sasa sikilizeni alichofanya. Kachukua grenda, kakata mhimili wa Suzuki katikati. Kakata na wa Virago. Kachukua kipande cha huku na kipande cha huku, kavichomelea pamoja kupata urefu. Halafu kapiga msasa kidogo, kapaka rangi nyeusi ya kupuliza, kafunga.

Mimi nimekuja kuigundua kwa sababu nilifungua mwenyewe nyumbani. Nilikuwa nimeijaribu barabara ya kwenda Mikindani, nikafika kama kilomita 60 kwa saa usukani ukaanza kutikisika kushoto kulia bila mimi kuugusa, nikaachia mafuta taratibu hadi ukatulia. Nikarudi polepole, nikaiweka juu ya mawe, nikashusha shokapu. Nikakwangua rangi kwa bisibisi. Chini yake mshono umejaa vitundu kama mkate wa kumimina, upande mmoja moto haujaingia kabisa, unaona mstari wa mkato wa grenda uko pale pale. Na vipande havijanyooka, ukiuviringisha juu ya kioo cha meza unacheza. Huo ndio ulikuwa unanishikia gurudumu la mbele!

Kwa wasiojua: nguvu yote ya breki ya mbele inapita pale. Ukibana ghafla kwa ajili ya mbuzi au daladala, uzito wa chombo na wako unakimbilia mbele na kuusukuma ule mhimili. Breki za GSX-R zina nguvu kuliko ile diski moja ya zamani, kwa hiyo mzigo umeongezeka, na yeye ndipo alipoweka mshono. Ukikatika hakuna cha kujiokoa, gurudumu na usukani vinaachana na fremu. Sehemu hii haiungwi kwa moto kibarazani.

Nilipomrudishia akanijibu mbele ya vijana wake: "Mbona bodaboda tunaziunga fremu na zinabeba magunia ya korosho mpaka Tandahimba?" Wakuu, huyu mtu anafananisha bomba la kuwekea gunia na mhimili wa usukani. Na anasema kwa kujiamini, hana hata chembe ya wasiwasi.

Bado hajamaliza. Kibano cha Suzuki kilikuwa kinagonga vile vizuizi vya shingoni vinavyozuia usukani usizunguke kupita kiasi. Dawa yake ilikuwa kuvisaga. Sasa nikikata kona kali shokapu inapiga tanki, na denti iko pale. Lakini kinachonichoma zaidi ni kwamba kwenye kusaga kapita na namba ya chesisi. Virago namba yake iko shingoni, kama pikipiki nyingi. Tarakimu za mwisho hazisomeki. Kadi yangu ya TRA ina namba ambayo kwenye fremu haipo. Trafiki akinisimamisha nitamweleza nini, kwamba fundi alikuwa anasafisha? Namba iliyosagwa kwa grenda kila askari anajua maana yake, na mimi chombo changu ni halali na kina karatasi zote.

Breki nayo kaacha masta ya Virago, ile pampu ya breki ya kwenye usukani, iliyotengenezwa kulisha kaliper moja. Ukibana, mkono unakuja karibu kugusa usukani. Kaliper mbili kwa kawaida zinataka masta kubwa, ya inchi 5/8 hivi, na ile ya Suzuki nilimpa, ilikuwa kwenye boksi. Boksi lilirudi halina masta. Nimeuliza, kila mtu anamtazama mwenzake.

Na hakupima kitu. Shokapu za Suzuki ni fupi na rimu ni ndogo, kwa hiyo chombo kimeinama mbele. Stendi ya pembeni sasa imekuwa ndefu mno, pikipiki inasimama wima, upepo wa Shangani tu unaiangusha. Mlalo wa shingo ya kruza unazidi digrii 30, wa pikipiki ya mbio uko kwenye 24 hivi, na vibano vyao vimepangwa kwa hesabu tofauti. Ukivihamisha bila kupima pengo kati ya pale mstari wa shingo unapogusa ardhi na pale tairi linapokanyaga, usukani unakuwa mzito na unajilaza wenyewe ukienda polepole. Unapima kwa uzi, timazi na rula. Gereji ile nimeona timazi inaning'inia ukutani, ina vumbi.

Rimu ya nyuma nilimzuia mapema. Alitaka kuchomelea habu ya shafti, yaani kitovu cha gurudumu, kwenye rimu ya aluminiamu ya Suzuki, kwa mashine ile ile ya kuungia madirisha.

Jana kanitumia ujumbe, nimmalizie laki tatu zilizobaki la sivyo atashikilia gurudumu la zamani na shokapu za zamani za Virago ambazo bado ziko kwake. Yaani kaharibu seti mbili, siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, na anashikilia mali yangu! Ujumbe nimeutunza, picha za mshono nimezitunza pamoja nao, na Jumatatu naenda polisi kuhusu vifaa na kuhusu namba ya chesisi, kabla mtu hajanituhumu mimi.

Fundi, najua vijana wako wanasoma humu. Nataka laki sita zangu, masta ya breki, gurudumu na shokapu. Laki tatu huzipati.

Wadau, mwenye kibano cha chini cha Virago 535 na mhimili wake mzima, usiokatwa wala kuungwa, aniambie bei hata kama yuko Dar. Na kama kuna mtu Mtwara au Lindi mwenye presi na anayekereza kwa kupima, nielekezeni alipo. Nitakuja na beringi mkononi na nitasimama pale pale mpaka kazi iishe.