Wanafunzi wa uzamili hufahamiana wapi?

Swali: Ndugu zangu, ndaki (vitengo vikuu vya masomo) za Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, zimetawanyika vilimani; je, sisi wa uzamili, tusio na vipindi kila siku, tunafahamiana wapi?

Jibu: Mimi niliwapata wenzangu kwenye kimbweta (meza na viti vya nje vya kujisomea) kilicho chini ya mti, tulipokuwa tukiwasubiri wasimamizi wa tasnifu. Siku moja upepo ulipeperusha kurasa zangu, na watu nisiowajua wakainuka kuziokota. Hadi leo tunasomeana rasimu.

Jibu: Ni kweli, ila kimbweta hakivumiliki kwa jua la Oktoba. Chumba chenye meza moja ndefu na chupa ya chai kingetufaa kuliko vyumba vidogovidogo vya kujifungia.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Kwa sisi wenye watoto wadogo, chumba hicho kiwe wazi hadi usiku.